Haki ya Chombo Kuwa Mahali Pake

Wanavyuoni wa Kiislamu wa kale, walipotaka kueleza udhalimu pasipo kuorodhesha madhambi yote yaufuatayo, walisema kwamba udhalimu ni kukiweka kitu mahali pasipokuwa pake. Na kwa kipimo hicho kimoja waliweza kumhukumu sultani aliyempa cheo asiyestahili, na mchuuzi aliyepunja mizani, na mwenye kuabudu aliyeielekeza ibada yake kwa kisichokuwa Mungu, kwa sababu wote hao, kila mmoja kwa namna yake, walikiondoa kitu katika nafasi kilichoistahiki wakakipeleka kwingine. Maelezo hayo ni mapana, na upana wake ndio unipao ujasiri wa kuuliza swali ambalo huenda likaonekana dogo mbele ya wakubwa waliokwisha kuandika juu ya uadilifu: je, spana iliyotupwa ovyo chini ya kiti cha dereva imedhulumiwa? Na ikiwa haikudhulumiwa, maadamu chuma hakina roho wala haja, dhulma hiyo imemwangukia nani, na mwenye kuitenda ataulizwa juu yake au ataachwa?

Naliuliza swali hili katika Ludara, wilayani Koboko, katika pembe ya kaskazini-magharibi ya Uganda ambako mipaka ya Uganda, Kongo na Sudani ya Kusini imekaribiana sana. Na naliuliza ndani ya kabini ya pikapu, kwa kuwa pikapu katika nchi hiyo ni karakana na ghala, ni gari la mgonjwa usiku wa manane, na siku ya msiba ndiyo ichukuayo maiti. Barabara ya lami itokayo Vurra kupitia Arua na Koboko hadi Oraba, yenye urefu wa kilomita 92, imeikaribisha miji. Lakini anayekwenda vijijini kufanya kazi huiacha lami mapema, akaingia katika njia za udongo mwekundu ambazo wakati wa jua hutoa vumbi lipenyalo kila tundu, na mvua zinyeshapo hugeuka utelezi mtupu. Vumbi, mvua na mikono ya wezi ndiyo iliyozifanya zana kuhamia ndani. Kinachoachwa nyuma kwenye sehemu ya mizigo hushika kutu, au huliwa na mchanga, au hutoweka gari linaposimama sokoni. Basi fundi huzikusanya zana zake kabinini, na hapo ndipo suala la mahali linapoanza, maana kabini ni ndogo na zana ni nyingi, na watu pia wanataka kukaa.

Nitamchukua fundi wa visima awe mfano, kwa sababu kazi yake yaonyesha uzito wa jambo hili wazi kuliko kazi nyingine nizijuazo. Pampu ya mkono ambayo Waganda huiita U2, ambayo asili yake ni ile Mark II iliyobuniwa India, imeenea vijijini mwa West Nile, yaani pembe hiyo ya Uganda, na serikali ya Uganda hukadiria kisima kimoja cha namna hiyo kwa watu 300. Pampu hiyo inapokataa kutoa maji, aghalabu sababu ni kitu kidogo kinachoenea kiganjani, washa iliyolika ndani ya silinda. Lakini kwa kuwa silinda iko chini kabisa, majini, fundi hana budi kuyavuta juu mabomba yote pamoja na fito za chuma zilizo ndani yake, kipande baada ya kipande, kila kimoja mita 3, huku akikibana kila kinachofuata kwa jiliwa kisije kikaponyoka. Mikono miwili haitoshi kwa kazi hiyo. Wanavuta watu kadhaa kwa pamoja, na mmoja husimama karibu na mlango wa gari akipokeza zana. Na yule aliyeshika bomba lililoning'inia, akaitaka spana ya pili, hawezi kuambiwa angoje kidogo spana itafutwe. Bomba likitumbukia, kazi iliyokuwa ya asubuhi moja huwa ya siku kadhaa, kwa maana itabidi livuliwe kwa vyombo maalumu kama samaki avuliwavyo gizani, na mara nyingine halivuliki, kisima kilichochimbwa kwa fedha nyingi kikaachwa.

Mwaka 2016 Wizara ya Maji na Mazingira ya Uganda ilisimamisha matumizi ya mabomba ya chuma yaliyopakwa zinki katika pampu hizo, kwa kuwa yalikuwa yakioza kwa kutu na kuyageuza maji rangi na ladha hata watu wakayakimbia wakarudi mitoni. Uamuzi huo ulikuwa mwema; walakini kwa fundi ulimaanisha kwamba atabeba zana za namna mbili au tatu, maana visima vya zamani vingali na mabomba ya zamani, na kibano kilichofaa bomba zito la zinki si lazima kifae la plastiki. Zana zikazidi, na kabini haikuongezeka hata shubiri moja.

Tuwatazame sasa wale waliopanga madumu yao kisimani tangu alfajiri. Spana iliyofukiwa chini ya kiti, nyuma ya gunia na viatu vya mvua na kamba iliyojisokota, haiwadai fedha. Inawadai saa zao, na saa hizo hawakumpa mtu ruhusa ya kuzitumia. Mtoto aliyekuwa aende shule baada ya kuteka maji hataenda. Mama aliyekuwa na shamba la kupalilia jua lisijawa kali atalipalilia jua likiwa kali. Hakuna hata mmoja wao atakayejua kwamba chanzo chake ni mkono wa mtu uliotupa kitu badala ya kukiweka, jana jioni, kilomita nyingi kutoka hapo, na yule aliyetupa pia hatajua. Hii ndiyo sifa ya dhulma ya namna hii inayonitia hofu: mdhulumiwa haoni wa kumlaumu, na mdhalimu haoni wa kumwomba radhi. Nadhani kwa sababu hiyo hasa dini ililitia mkono jambo la amana, likaagizwa katika Sura ya An-Nisaa kwamba amana zirudishwe kwa wenyewe. Kwa maana katika mambo ambayo macho ya watu hayafiki, sheria za watu nazo hazifiki. Fundi aliyekabidhiwa zana za kijiji amekabidhiwa pamoja nazo wakati wa kijiji, na wakati huo umo ndani ya kabini yake ingawa hauonekani.

Iko dhulma ya pili, ambayo haitambai kama ile ya kwanza. Huja kwa dharuba. Kitu kisichofungwa ndani ya gari kina mwendo ule ule wa gari, na gari linapogota ghafla, chenyewe hakigoti. Mtu aendaye kilomita 60 kwa saa, mwendo ambao hakuna dereva wa Arua atakayeuita wa kasi, akagonga mti, atafuatwa kisogoni na jeki iliyokuwa imelala nyuma yake kwa mwendo ambao ingekuwa nao kama ingeangushwa kutoka urefu wa mita 14, yaani kutoka juu ya nyumba ya ghorofa nne. Hesabu hiyo haina fumbo, kila mwanafunzi wa fizikia aweza kuipiga. Mtu hakubali kumketisha mwanawe chini ya ukuta ambao juu yake pamesimamishwa jeki inayoyumba, lakini mtu huyo huyo humketisha mwanawe mbele ya jeki iliyolegea, kisha akatia gari moto akisoma dua ya safari. Hana nia mbaya. Hakufikiri tu. Na fiqhi, ambayo humwondolea dhambi aliyekosea pasipo kukusudia, haimwondolei dhamana ya alichokiharibu. Humwacha na dhima yake mkononi, ailipe.

Nimesema kwamba chuma hakina roho, nami sirudi nyuma katika hilo. Lakini naona sasa kwamba haki ya chombo kuwa mahali pake ni haki ya kweli, ingawa mwenyewe si chombo. Ni haki za watu wengi ambao hawapo, zilizowekwa rehani ndani ya kitu kilichopo.

Yafaa nieleze basi kabini iliyopangwa ikoje, maana kuhimiza tartibu pasipo kuonyesha tartibu yenyewe ni kumwachia msomaji maneno matupu. Fundi mwenye tadbiri haanzi na mbao wala misumari. Huanza kwa kuzishusha zana zote chini, akazitandaza juu ya turubai, akazitazama. Na aghalabu hugundua wakati huo kwamba anazo koleo tatu na hana tupa hata moja, na kwamba sehemu kubwa ya uzito aliokuwa akiuzungusha wilaya nzima ni vipande vya chuma alivyoviokota akidhani vitamfaa siku moja. Hivyo huviacha nyumbani. Kisha huzigawa zilizobaki, na katika kuzigawa wengi hukosea kwa kufuata kipimo kimoja tu, yaani kile kinachotumika mara nyingi kikae karibu na kile kinachotumika mara chache kikae mbali. Kipimo hicho ni kizuri kwa karakana yenye kuta nne. Ndani ya gari kuna kipimo kingine kinachotangulia, nacho ni dharura: tochi, sanduku la dawa za huduma ya kwanza, kabari za magurudumu, zile pembetatu zinazoakisi mwanga za kuonya magari mengine, pengine hazitaguswa mwaka mzima, lakini siku zitakapotakiwa zitatakiwa gizani, na mtu ambaye mkono wake unatetemeka. Hizo zikae mahali ambapo mkono huzifikia mlango ukifunguliwa tu, pasipo kuhamisha kitu chochote. Haja ya nadra, ikiwa ndiyo haja ya uhai, ina haki ya jirani wa karibu.

Kasha la kuzitia zana hizo hutengenezwa kwa mbao za mvule, au za msaji, ambao hupandwa kwa wingi katika West Nile, na mti huo hauliwi upesi na mchwa wala haupindi kwa unyevu. Huwa fupi kwa kimo, lienee chini ya kiti cha nyuma cha pikapu ya dabo kabini, au nyuma ya migongo ya viti ikiwa kabini ni moja. Nalo hushikizwa kwa bolti zinazopita katika matundu yale yale yanayoshikilia kiti, ili sakafu ya gari isitobolewe upya na kuingiza maji na kutu. Vizito hukaa chini kabisa, vikiegemezwa kwenye ukuta wa nyuma: jeki, spana za bomba, nyundo kubwa, jiliwa. Hufungwa kwa mikanda iliyokatwa katika tyubu za magurudumu, ambayo hushika kuliko kamba na hailegei kwa mtikisiko. Ndani ya kasha hutandikwa vipande vya tyubu hiyo hiyo, chuma kisigongane na chuma. Maana kelele ya zana kugongana njia nzima, fauka ya kuwachosha wasafiri, huharibu makali ya tupa na meno ya spana, na humzuia dereva asiusikie mlio mpya wa gari lake unaomwonya kwamba kitu kimelegea huko chini. Vyepesi hutiwa katika mifuko ya turubai nene, ya namna ile washonayo mafundi wa maturubai masokoni, ikatundikwa nyuma ya kiti cha mbele: bisibisi, koleo ndogo, msumeno wa chuma, kalamu, daftari la visima. Washa, nati na parafujo hukaa katika mikebe yenye vifuniko, kila mkebe umeandikwa ubavuni, kwa sababu mkebe ulioandikwa juu ya kifuniko tu hukosa jina lake siku kifuniko kitakapobadilishwa.

Na vipo visivyo na mahali ndani ya kabini hata mahali pakiwapo. Petroli ya akiba, mtungi wa gesi, betri yenye asidi, hivyo vikae nje na mvua ivinyeshee, kwa kuwa mvuke wake ndani ya chumba kilichofungwa ni adui wa kila anayevuta pumzi humo. Kadhalika juu ya dashibodi pasiwekwe kitu, na karibu na miguu ya dereva pasikae hata chupa ya maji, ambayo yaweza kubiringika ikajibanza chini ya breki wakati breki inapohitajiwa kuliko vyote.

Jambo nilipendalo zaidi katika ufundi huu ni lile la kuchora. Baadhi ya mafundi, wakimaliza kasha, huilaza kila zana juu ya ubao wake wakazungusha rangi kando yake, ikabaki sura ya zana juu ya mti. Baada ya hapo ubao huwa na uwezo ambao ghala nyingi kubwa hazina: waweza kusema kisichokuwapo. Jioni, watu wamechoka, kiza kinaingia, fundi hutupa jicho mara moja tu, na pengo lenye umbo la spana likamwambia kwamba spana imesahauliwa majanini kando ya kisima. Kumbukumbu ya binadamu huhesabu vilivyopo. Kutambua kilichopungua ni kazi ngumu zaidi, na wengi wetu hatukijui kilichopungua maishani mwetu mpaka siku tunapokitaka. Ubao uliochorwa humsaidia mtu pale hasa akili yake ilipo dhaifu, nami siuoni msaada huo kuwa mdogo kuliko wa kitabu.

Wapo watu wa dini, tena wenye ikhlasi, wanaoona kwamba uangalifu mwingi namna hii hupunguza tawakali, kana kwamba mwenye kufunga jeki yake kwa mikanda miwili amemshuku Mola wake mara mbili. Imepokewa katika Tirmidhi kwamba mtu alimwuliza Mtume kama amfunge ngamia wake kisha amtegemee Mungu, au amwache huru na amtegemee Mungu, akaelekezwa afunge na ategemee. Wengi huitaja habari hiyo kama ruhusa ya kuwa mwangalifu. Mimi naiona nzito kuliko ruhusa. Yatenganisha sehemu mbili za tendo moja: fundo ni la mtu, na kubaki kwa ngamia ni kwa Mungu, na yule asiyefunga hakuzidisha sehemu ya Mungu, amepunguza tu sehemu yake mwenyewe, kisha akaipa upungufu huo jina la ibada. Kadhalika aliyefunga naye asijidanganye kwamba amejinunulia salama. Kasha la mvule na bolti nne haliwezi kuzuia lori linalokuja upande usio wake. Aliyeyafanya yote yampasayo husafiri akiwa hana hakika, kama alivyokuwa kabla, ila sasa kutokuwa na hakika kwake ni kwa uaminifu.

Wakristo, ambao katika West Nile kwa jumla ndio wengi, wanayo hazina yao katika jambo hili. Agostino, askofu wa Hippo katika Afrika ya Kaskazini, aliieleza amani kuwa ni utulivu utokanao na mpango mwema, na mpango wenyewe akauona kuwa ni kukipa kila kitu, kilicho sawa na kisicho sawa, nafasi yake. Hakuyasema hayo katika zama za starehe. Kitabu chake juu ya mji wa Mungu alikianza baada ya Roma kutekwa mwaka 410, na alifariki mwaka 430 mji wake mwenyewe ukiwa umezingirwa na Wavandali. Kwamba yeye na wanavyuoni wa Kiislamu waliokuja baadaye, kwa lugha mbalimbali na kwa imani zilizohitilafiana, walikutana katika wazo la mahali, kwanitia moyo. Na mtu anayeishi Koboko, ambako msikiti na kanisa husikilizana adhana na kengele, hatashangaa.

Hata hivyo siwezi kuusifu mpango pasipo kuutaja ubaya wake, nao ni mkubwa. John Middleton, Mwingereza aliyeishi miongoni mwa Walugbara wa West Nile baina ya 1949 na 1952 na kuandika juu ya dini yao kitabu kilichotoka mwaka 1960, alieleza jinsi ulimwengu ulivyopangika katika fikira zao: nyumbani ni penye utaratibu, na kadiri mtu anavyokwenda mbali na nyumbani ndivyo watu wanavyozidi kuwa wageni na wa kutisha, hata wale wa mbali kabisa wakadhaniwa kutembea kichwa chini miguu juu. Miaka 6 baada ya kitabu hicho, Mary Douglas, aliyefanya utafiti wake Kongo, alitoa hoja kwamba uchafu ni kitu kilichotoka nje ya nafasi yake. Mafuta ndani ya injini ni uhai wa gari, na mafuta hayo hayo juu ya kanzu ni uchafu. Tukiyaunganisha mawazo hayo mawili tutaiona hatari. Mwenye kupenda mpango, akiona kitu kisichokuwa katika ubao wake, hushawishika kukiona uchafu. Na kitu hicho chaweza kuwa mtu.

Nchi ya Ludara yaijua hatari hiyo kwa mwili wake. Sehemu hiyo ya Nile ilikodishwa mwaka 1894 kwa Leopold wa Pili, mfalme wa Wabelgiji, ikiitwa Lado. Mfalme alipofariki ikapewa Sudani mwaka 1910, na sehemu yake ya kusini ikatiwa Uganda mwaka 1914. Wakakwa, wenyeji wa nchi hiyo, ambao hawakuhama, wakajikuta katika nchi tatu. Waliochora mistari hiyo walikuwa watu wa tartibu sana, wenye ramani safi na wino mzuri, na walikipa kila kitu nafasi. Kosa lao ni kwamba hawakuwa wao watakaoishi katika nafasi hizo. Kisha ikaja 1979 na 1980, serikali ya Idi Amin ilipokwisha kuanguka, na watu wa West Nile kwa malaki wakakimbilia Sudani na Zaire wasipigwe kwa dhambi ya mtu wa kwao, wakaishi huko miaka mingi, wakiwa wamekosa mahali katika mpango wa kila mtu.

Hapo nimelipata sharti ambalo bila yake siwezi kuuita mpango uadilifu: apange yule atakayetumia, au apangiwe kwa kuulizwa. Tajiri wa pikapu anayemwamuru seremala atie makabati mazuri, pasipo kumwuliza fundi mkono wake wa kuume hufika wapi anapoinama, anarudia kwa mbao kosa lililofanywa kwa ramani. Makabati hayo yatasifiwa siku ya kwanza, na mwezi hautaisha kabla zana hazijarudi chini ya kiti.

Na liko sharti la pili, ambalo mafundi wenyewe wanahitilafiana juu yake. Wako wanaong'oa kiti cha nyuma cha dabo kabini ili chumba chote kile kiwe kasha, na hoja yao ina nguvu: zana zitaonekana zote, hakuna kuinamisha kiti wala kupekua, na kazi itakwenda upesi. Wako wanaokiacha kiti, wakakubali kujibana na kasha fupi la chini yake. Nimezipima hoja hizi mara nyingi, na ninasimama na hawa wa pili pasipo kusitasita. Katika nchi ambayo zahanati iko mbali na gari ni la mmoja kati ya wengi, kiti cha nyuma si mali ya kazi peke yake. Atakuja mama mwenye uchungu wa kuzaa, ataletwa kijana aliyeanguka mwembeni, na hapo mtu hatalazwa juu ya spana. Tangu mwaka 2016, vita vya Sudani ya Kusini vilipowasukuma watu kuvuka mpaka, Bidi Bidi katika wilaya ya Yumbe imepokea zaidi ya watu laki mbili, na katika Koboko yenyewe wakimbizi kutoka Kongo wamekaa Lobule. Wenyeji waliowapokea wengi wao ni watoto wa wale waliokimbia mwaka 1980, na wanajua vema maana ya kuambiwa hakuna nafasi. Kabini iliyojazwa kwa ustadi hata pasibaki pa kumweka mgonjwa imekosa uadilifu, ingawa kila spana imo katika tundu lake. Nafasi tupu nayo ni sehemu ya mpango, tena ni sehemu inayohitaji kulindwa kuliko zote, kwa kuwa haina mwenyewe wa kuidai mpaka siku ile atakapofika.

Juu ya riya nitasema machache. Wapo wanaopanga ili waonekane, zana zao zikang'ara kwa kutoguswa. Dini imekwisha kuwaeleza watu hao vya kutosha, na kisima huwahukumu upesi kuliko mimi.

Limebaki suala la urithi, maana pikapu katika nchi yetu huishi kuliko mwenyewe wa kwanza, na mara nyingi kuliko wa pili. Fundi mpya hulikuta kasha likiwa na sura zilizochorwa za zana ambazo yeye hana, vibano vya mabomba ya zinki pengine, na yeye anazo za plastiki zisizo na sura ubaoni. Je, amevunja amana akipaka rangi upya? Siamini hivyo. Mpango ulifanywa kwa ajili ya haja, na haja imebadilika. Kuuhifadhi mpango uliokufa kwa heshima ya aliyeuweka ni kukiweka kitu mahali pasipokuwa pake. Lakini asifute sura yoyote kabla ya kuuliza ilikuwa ya nini na kwa nini iliwekwa hapo, hasa zile zilizo karibu na mlango, kwa kuwa huenda mtangulizi wake alijifunza sababu yake kwa maumivu. Na asihamishe kitu pasipo kumweleza utingo. Swali kama "Mzee, tochi umeihamishia wapi?" halina adabu mbaya, ila halipasi kuulizwa usiku katika njia ya Yumbe, gurudumu likiwa shimoni.

Kwa hiyo ningependa iwe desturi kwamba siku gari linapokabidhiwa, muuzaji na mnunuzi waketi pamoja kabinini, watoe kila chombo na kukirudisha, kimoja kimoja, mwenye kujua akimweleza asiyejua. Itawachukua muda wa saa moja au zaidi kidogo. Muuzaji atasema kwamba fedha zimekwisha kuhesabiwa na funguo zimetolewa, na mbele ya hakimu atakuwa na haki. Lakini mimi naona makabidhiano yake yangali na upungufu, kwa sababu alichokiuza hakikuwa bodi na magurudumu tu, na mnunuzi hawezi kudai asichojua kwamba kimo ndani yake.